Maurice Ewing na Mahandaki ya Bahari: Maisha ya Mkusanyaji wa Ushahidi

1. Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa miaka mingi wataalamu wa elimu ya ardhi hawakuinama. Walipanda milima, wakagonga miamba kwa nyundo, wakachora ramani za mabonde na majabali, kisha wakaandika historia ya dunia nzima kwa kutegemea sehemu isiyofika hata theluthi moja ya uso wake. Sehemu iliyobaki, iliyofunikwa na bahari, ilijulikana kwa vipimo vichache vya kina na kwa vibumba vya matope vilivyonata kwenye timazi. Miongoni mwa watu waliobadili hali hiyo katika karne ya 20, William Maurice Ewing (1906–1974) ana nafasi ya mbele kabisa.

Makala hii inasimulia maisha ya mwanasayansi huyo kwa kuzingatia suala moja hasa, nalo ni muundo wa mahandaki ya bahari, yaani mabonde marefu na membamba ambamo sakafu ya bahari hushuka hadi kina cha meta 8,000, 10,000 na hata zaidi. Suala hilo limechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ndani ya mahandaki hayo ndimo ilimoamuliwa hoja kubwa ya sayansi ya ardhi, kwamba sakafu ya bahari huzaliwa mahali pamoja na kuzama mahali pengine. Pili, Ewing aliunda taasisi, vyombo na mbinu zilizotoa ushahidi wa hoja hiyo, ilhali yeye mwenyewe aliipinga kwa muda mrefu. Maisha yake kwa hiyo yanafundisha jambo kuhusu uhusiano wa mtafiti na ushahidi wake, hasa pale ushahidi unapokataa kusema kile ambacho mwenyewe alitarajia kusikia.

2. Makuzi na elimu

Ewing alizaliwa tarehe 12 Mei 1906 katika mji mdogo wa Lockney, kwenye nyanda kavu za kaskazini-magharibi ya jimbo la Texas, Marekani. Wazazi wake, Floyd Ford Ewing na Hope Hamilton Ewing, walipata watoto kumi. Watatu wa kwanza walifariki wangali wadogo, na hivyo Maurice akalelewa akiwa kaka mkubwa wa ndugu saba. Familia haikuwa na mali, lakini wazazi walithamini elimu. Hakuna kitu katika mazingira yale, yenye vumbi na mifugo na yaliyo mbali na pwani yoyote, kilichoashiria kwamba kijana huyo angetumia umri wake baharini.

Mwaka 1922, akiwa na umri wa miaka 16, alipata ufadhili wa kusoma katika Taasisi ya Rice mjini Houston. Alisoma hisabati na fizikia huku akifanya vibarua ili kujikimu. Angali mwanafunzi, mwaka 1926, alichapisha makala fupi katika jarida la Science kuhusu upinde wa rangi unaoonekana juu ya umande kwa mwanga wa mbalamwezi. Makala hiyo ilikwisha kuonyesha tabia yake: aliona jambo kwa macho yake, akaenda kutafuta kanuni ya kifizikia inayolieleza. Alihitimu shahada ya kwanza mwaka huo huo, shahada ya uzamili mwaka 1927, na ya uzamivu mwaka 1931.

Wakati wa likizo aliajiriwa na vikundi vilivyotafuta mafuta huko Louisiana. Kazi yao ilikuwa kulipua baruti ardhini na kupima muda ambao mawimbi ya mshindo huchukua kufika kwenye vipokezi vilivyopangwa kwa mstari. Kutokana na nyakati hizo mtu angeweza kukokotoa kina cha tabaka za miamba asizoziona. Ewing aliichukua kazi hiyo ya kibiashara akaifanya kuwa somo. Tasnifu yake ya uzamivu ilihusu njia za kukokotoa mapito ya mawimbi hayo chini ya ardhi. Kuanzia mwaka 1930 alifundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Lehigh, Pennsylvania, na siku ambazo hakuwa na vipindi aliwapeleka wanafunzi wake machimboni kulipua baruti na kupima.

3. Kutoka nchi kavu hadi ukingo wa bara

Mwaka 1934 wageni wawili walimtembelea Lehigh. Mmoja alikuwa Richard Field, profesa wa jiolojia wa Chuo Kikuu cha Princeton, na wa pili William Bowie wa idara ya serikali iliyopima pwani za Marekani. Walimletea swali. Mashariki ya Marekani nchi kavu haikomi ufukoni, bali inaendelea chini ya maji ya kina kifupi kwa makumi ya kilometa, kisha inateremka ghafla kwenda kwenye kilindi. Je, mteremko huo ni mpasuko wa kale wa miamba, au ni rundo la mashapo lililojengwa polepole na mito na mawimbi? Wageni walitaka kujua kama mbinu ya baruti ingeweza kutumika baharini. Ewing alijibu kwamba ingewezekana, ingawa hakuna aliyekuwa amefanya hivyo ipasavyo.

Mwaka 1935 alipanda merikebu ya utafiti iitwayo Atlantis, ya Taasisi ya Woods Hole, akafanya vipimo nje ya pwani ya Virginia. Mbinu aliyotumia ilitegemea kupinda kwa mawimbi. Mshindo unapotokea, baadhi ya mawimbi hushuka hadi kwenye mwamba mgumu, hupinda na kukimbia ndani ya mwamba huo kwa kasi kubwa kuliko katika mashapo ya juu, kisha huchipuka tena juu mbali na mahali pa mlipuko. Anayepokea mawimbi kwa umbali mbalimbali hupata kasi ya kila tabaka, na kutokana na kasi hupata kina. Vipimo vilionyesha kwamba mwamba mgumu huinama kuelekea baharini na mashapo juu yake huongezeka unene hadi kupita meta 3,000. Ukingo wa bara ulikuwa ghala kubwa la mashapo.

Matokeo hayo yalikuwa na maana ya kiuchumi, kwani mashapo mazito ndiyo makao ya mafuta na gesi. Ewing alisimulia baadaye kwamba aliiendea kampuni moja ya mafuta kuomba msaada mdogo, akajibiwa kwamba kazi ya baharini haiwezi kuwafaa wenye hisa, na kwamba hata senti zao chache hazistahili kutumiwa huko. Leo, ambapo visima vya baharini vimetapakaa duniani, pamoja na vile vilivyochimbwa kuanzia mwaka 2010 katika kilindi cha pwani ya Tanzania na Msumbiji, jibu hilo linashangaza. Wakati ule lilikuwa jibu la kawaida.

4. Nyambizi, vita na kuundwa kwa Lamont

Ewing alikutana na tatizo la mahandaki kwa mara ya kwanza ndani ya nyambizi. Mholanzi Felix Vening Meinesz alikuwa amebuni chombo cha kupima nguvu ya uvutano wa dunia baharini. Kwa kuwa chombo hicho kilihitaji utulivu usiopatikana juu ya mawimbi, alisafiri nacho katika nyambizi za jeshi la Uholanzi. Alipopita juu ya handaki la Java aligundua kwamba uvutano wa hapo ni pungufu sana, kana kwamba kitu fulani kinaivuta miamba myepesi kwenda chini na kuizuia isielee. Katika miaka ya 1936 na 1937 Wamarekani walifanya safari kama hiyo katika visiwa vya Karibiani kwa nyambizi Barracuda. Miongoni mwa waliohusika walikuwamo Ewing na Harry Hess wa Princeton. Upungufu ule ule ulionekana kando ya handaki la Puerto Rico na tao la visiwa linaloendelea kusini yake.

Watu hao wawili walitazama vipimo vya aina moja lakini wakaelekea njia mbili. Hess aliona dalili kwamba ganda la dunia linakunjwa na kusukumwa chini. Ewing hakuridhika. Yeye pamoja na mwanafunzi wake wa zamani, Joe Worzel, walidai mwaka 1954 kwamba maji ya handaki na mashapo mepesi vyaweza kueleza upungufu huo bila kudhani mkunjo usioonekana. Huo ulikuwa mwanzo wa tofauti iliyodumu kwa miaka mingi.

Vita Kuu ya Pili vilimpeleka Ewing Woods Hole, ambako alitumikia jeshi la majini. Huko ndiko alikothibitisha kwamba katika kina fulani cha bahari kuna njia ya asili ya sauti, ambamo mshindo mdogo huweza kusikika maelfu ya kilometa kwa sababu mawimbi ya sauti hupindwa na kurudishwa katikati kila yanapojaribu kutoka. Ugunduzi huo ulilifaa jeshi, na jeshi likawa mfadhili mkuu wa utafiti wa bahari baada ya vita. Si rahisi kueleza ustawi wa sayansi ya bahari katika miaka ya 1950 bila kutaja hofu ya nyambizi za adui.

Mwaka 1944 Ewing alijiunga na Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Miaka michache baadaye Florence Lamont, mjane wa mwenye benki Thomas Lamont, alikipa chuo hicho shamba na jumba lake lililo juu ya majabali ya mto Hudson, huko Palisades. Mwaka 1949 mahali hapo pakawa Kituo cha Jiolojia cha Lamont, na Ewing akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Vyumba vya kulala viligeuzwa maabara. Wanafunzi, waliomwita Doc, walizoea kumkuta kazini usiku wa manane na siku za mapumziko, na walielewa bila kuambiwa kwamba na wao walitarajiwa kuwapo.

5. Merikebu Vema

Mwaka 1953 Lamont ilipata merikebu ya chuma yenye milingoti mitatu iliyoundwa mwaka 1923 ikiwa chombo cha starehe cha tajiri mmoja. Ilikuwa kuukuu, ilivuja, na ilifukuta joto katika nchi za tropiki. Lakini ilikuwa yao. Ewing aliweka kanuni kwamba Vema isisafiri bure. Popote ilipokwenda, vyombo vya kupima kina, sumaku na uvutano viliachwa vikifanya kazi mfululizo, na kila siku ilisimama ili bomba zito lishushwe kilindini na kuchota mashapo. Hakujali kama siku hiyo kulikuwa na mtu mwenye swali kuhusu mahali hapo. Aliamini kwamba swali litakuja baadaye, na likija litakuta jibu limekwisha kuwekwa ghalani. Hadi ilipostaafishwa mwaka 1981, Vema ilikuwa imesafiri zaidi ya maili milioni moja za baharini, pamoja na safari katika Bahari ya Hindi.

Kanuni hiyo nusura imgharimu uhai. Tarehe 13 Januari 1954, merikebu ikipambana na dhoruba karibu na Bermuda, Ewing alikuwa sitahani pamoja na mdogo wake John na maofisa wawili wa chombo, wakifunga mapipa yaliyofunguka. Wimbi kubwa liliwazoa wote wanne na kuwatupa baharini. John na ofisa mmoja walirudi chomboni. Ewing, akiwa ameumia, alielea kwa kushikilia pipa mpaka merikebu ilipogeuzwa na kumfikia. Ofisa wa kwanza hakuonekana tena. Kuanzia siku hiyo Ewing alichechemea, na aliendelea kusafiri.

Matunda ya kazi yalikuja haraka. Vipimo vya mawimbi yanayopinda, vilivyofanywa kwa merikebu mbili, moja ikilipua na nyingine ikisikiliza, vilionyesha kwamba ganda la dunia chini ya bahari lina unene wa kilometa 5 hadi 7 tu, ilhali chini ya mabara hufikia kilometa 35 au zaidi. Sakafu ya bahari haikuwa bara lililozama, bali kitu cha aina nyingine. Mwaka 1952 Bruce Heezen na Ewing walieleza kwamba tetemeko la mwaka 1929 karibu na Newfoundland lilisababisha mafuriko ya matope chini ya bahari, yaliyokata nyaya za simu moja baada ya nyingine yakiteremka kilindini na kutandaza mashapo kwa muda mfupi. Mwaka 1956 wawili hao walitangaza kwamba safu ya milima ya katikati ya bahari inaizunguka dunia yote kwa urefu wa zaidi ya kilometa 60,000. Mchoraji wa ramani Marie Tharp, aliyekuwa wa kwanza kutambua bonde la ufa lililo kileleni mwa safu hiyo, alifanya kazi hiyo yote nchi kavu, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa kusafiri katika merikebu za kituo.

6. Mbinu ya uakisi

Vipimo vya mawimbi yanayopinda vilitoa unene wa tabaka, lakini kwa wastani wa eneo kubwa. Havikuweza kuonyesha mkunjo mmoja au mpasuko mmoja. Kwa ajili hiyo ilihitajika mbinu ya uakisi.

Msingi wake unafanana na kazi ya bildi. Nahodha hutupa bildi ili ajue kina cha maji. Mtafiti hutupa sauti. Sauti husafiri majini kwa kasi ya takriban meta 1,500 kwa sekunde, na kwa hiyo mwangwi wa sakafu iliyo kwenye kina cha meta 6,000 hurudi baada ya sekunde 8. Lakini sauti nzito haiishii sakafuni. Sehemu yake hupenya ndani ya mashapo, na kila inapokuta tabaka lenye ugumu tofauti, sehemu nyingine huakisiwa. Kwa hiyo baada ya mwangwi wa kwanza hufuata mwangwi wa pili, wa tatu na kuendelea, kila mmoja ukileta habari za kina zaidi. Merikebu ikienda na kurudia mshindo huo mara kwa mara, miangwi ikipangwa sambamba kwenye karatasi hufanya picha inayofanana na mkate uliokatwa: tabaka juu ya tabaka, pamoja na mikunjo na nyufa zake.

Katika miaka ya mwanzo mshindo ulitokana na vipande vya baruti vilivyotupwa kwa mkono nyuma ya merikebu kila baada ya dakika chache, kazi ya hatari iliyofanywa usiku na mchana. Miangwi ilipokewa na haidrofoni zilizokokotwa kwa waya mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 John Ewing na wenzake walianza kutumia bunduki ya hewa, chombo kinachofyatua hewa iliyoshindiliwa na kutoa mshindo ulio sawa kila mara. Tangu hapo picha za uakisi zilichukuliwa mfululizo katika safari zote za Lamont, na mahandaki ya Puerto Rico, Japani, Peru na Chile yakavukwa mara nyingi.

7. Mgogoro wa mahandaki

Mwaka 1962 Hess alichapisha hoja kwamba sakafu mpya ya bahari huzaliwa kwenye safu ya milima ya katikati, husogea pande mbili, na hatimaye huzama kwenye mahandaki. Ewing aliipinga, na upinzani wake haukuwa ukaidi mtupu. Picha za uakisi zilimpa sababu.

Kama sakafu ya bahari inaingia chini ya bara, mashapo yaliyo juu yake yangepaswa kukwanguliwa na kurundikana handakini yakiwa yamekunjamana, mfano wa mkeka unaosukumwa ukutani. Picha hazikuonyesha hivyo. Katika mahandaki mengi mashapo yalikuwa machache mno. Palipokuwa na mengi, kama kusini mwa Chile, yalilala tambarare kama maji bakulini. Isitoshe, katika handaki la Japani sakafu ya bahari inayokaribia handaki ilikatwa na mipasuko ya aina inayotokea mahali panapovutwa, si panapobanwa. Timu ya Lamont ilichapisha picha hizo mwaka 1966. Kwa mtu aliyeamini vipimo kuliko nadharia, jambo lilionekana kuwa wazi: mahandaki ni mahali pa mvutano.

Wakati huo huo ushahidi wa upande wa pili ulikuwa ukikua ndani ya nyumba yake. Mwaka 1966 vijana wa Lamont walionyesha kwamba mistari ya sumaku iliyopimwa na meli Eltanin kusini mwa Bahari ya Pasifiki inalingana pande zote mbili za safu ya milima, jambo lililotabiriwa na nadharia ya kuenea kwa sakafu. Inasimuliwa kwamba katika mkutano wa New York mwishoni mwa mwaka huo Ewing alimwuliza mwanajiofizikia Mwingereza Edward Bullard kama kweli anayaamini mambo hayo. Mwaka 1967 Jack Oliver na Bryan Isacks walionyesha, kwa kutumia matetemeko ya Tonga, kwamba bamba gumu lenye unene wa kilometa 100 hivi linashuka kutoka handakini hadi kina cha karibu kilometa 700. Oliver alikuwa mwanafunzi wa Ewing mwenyewe.

Ewing hakuwazuia kuchapisha. Jambo hilo linastahili kutajwa, kwa sababu hakuwa mtu mpole wakati wote. Ugomvi wake na Heezen ulifikia hatua ya kumnyima nafasi katika safari na matumizi ya data za kituo, na Tharp alilazimika kufanyia kazi yake nyumbani. Katika suala la nadharia, hata hivyo, alijirudi hatua kwa hatua. Mwaka 1967 yeye na John walichapisha makala kuhusu mashapo ya safu za milima ya bahari, wakikiri kuenea kwa sakafu lakini wakidai kwamba kulisimama kwa muda na kuanza tena takriban miaka milioni 10 iliyopita. Wazo la kusimama halikudumu, lakini mlango ulikuwa umefunguka.

Fumbo la mashapo tambarare lilifumbuliwa polepole, na sehemu ya ufumbuzi ilikuwamo katika kazi zake za awali. Mashapo yanayojaza handaki huletwa na mafuriko ya matope kama yale aliyoyaeleza mwaka 1952. Hutandazwa upesi, na kwa kipimo cha jiolojia ni machanga sana. Hayajapata muda wa kukunjwa. Mkunjo huanza kwenye mguu wa mteremko wa upande wa bara, mahali ambapo mashapo hayo hufikishwa na kukwanguliwa. Mipasuko ya mvuto nayo ilikuwa ya kweli, ila maana yake ilikuwa nyingine: bamba linapopinda ili lizame, uso wake wa juu hunyooshwa na kupasuka, kama ukuti mbichi unapokunjwa.

Kwa nini basi vyombo vya Lamont havikuuona mkunjo uliokuwa hatua chache tu kutoka pale? Sababu ni ya kiufundi. Vilitumia kundi moja la haidrofoni. Mteremko wa upande wa bara ni mkali na wenye mabonde, na miangwi yake hutawanyika kila upande na kufunika ile dhaifu itokayo chini. Katika miaka ya 1970 zilienea nyaya ndefu zenye makundi mengi ya haidrofoni, pamoja na kompyuta za kuchambua rekodi zake. Nukta moja ya chini ya sakafu husikika mara nyingi kutoka sehemu mbalimbali za waya. Rekodi zikijumlishwa, mwangwi wa kweli huongezeka na kelele hupungua. Mbinu hiyo ilikuzwa na kampuni za mafuta. Sekta iliyomnyima Ewing senti chache ndiyo iliyokamilisha chombo alichokihitaji.

8. Miaka ya mwisho na yaliyofuata

Mwaka 1968 mpango wa kuchimba vilindi vya bahari ulipoanza kwa meli Glomar Challenger, Ewing na Worzel waliongoza safari ya kwanza. Katika Ghuba ya Meksiko walichimba kilima kilichoonekana kwanza kwenye picha za uakisi, wakakuta dalili za mafuta chini ya maji yenye kina cha zaidi ya meta 3,500. Mwaka 1972, baada ya mvutano na uongozi wa chuo kuhusu fedha na uhuru wa kituo, Ewing aliiacha taasisi aliyoijenga kwa miaka 23 akarudi Texas, akaanzisha kitengo kipya cha utafiti huko Galveston. Mwaka 1973 alipewa Nishani ya Taifa ya Sayansi. Alifariki tarehe 4 Mei 1974 kwa kiharusi, siku chache kabla ya kutimiza miaka 68.

Mwaka huo huo wanajiolojia wa kampuni za mafuta walichapisha picha za uakisi na mifano ya miteremko ya mahandaki iliyoonyesha mashapo yaliyokwanguliwa yakipangwa vipande vipande, kila kipya kikijisukuma chini ya kile kilichotangulia. Uchimbaji wa baadaye ulithibitisha. Mwaka 1990 huko Nankai, Japani, keekee ilipita katika ufa unaotenganisha mashapo yanayokwanguliwa na yale yanayozama, takriban meta 950 chini ya sakafu, pale pale ambapo picha za uakisi zilikuwa zimeuonyesha. Lakini kwenye handaki la Japani, uchimbaji wa mwaka 1977 ulikuta dalili kwamba ardhi iliyokuwa kavu zamani imedidimia kilindini, kwa sababu bamba linalozama halirundiki mashapo tu, bali pia hula sehemu ya chini ya bara. Kutokuwapo kwa mashapo mengi, jambo lililomtatiza Ewing, kulikuwa na maana yake.

Umuhimu wa maarifa hayo haukomei vyuoni. Tarehe 26 Desemba 2004 ufa unaoteremka kutoka handaki la Sunda, ambalo Vening Meinesz alipima sehemu yake ya Java, ulifyatuka kwa urefu wa takriban kilometa 1,300. Mawimbi ya tsunami yaliua zaidi ya watu 220,000 na baada ya saa kadhaa yakafika Somalia, Kenya na Tanzania, nako yakaua. Pwani ya Afrika Mashariki haina handaki la aina hiyo. Bahari moja, hata hivyo, ilitosha kuuleta msiba. Mwaka 2011 nje ya Tohoku, Japani, sakafu ya bahari karibu na handaki ilisogea takriban meta 50. Kujua umbo la ufa, mahali unapokaza na mahali unapolegea, hutegemea kwa sehemu kubwa picha za uakisi.

9. Hitimisho

Maisha ya Ewing hayawezi kupimwa kwa swali la kama alikuwa sahihi au alikosea kuhusu mahandaki. Alikosea, na kwa sababu zilizokuwa na uzito. Picha alizozitegemea hazikudanganya. Zilikuwa pungufu, na upungufu huo ulikaa mahali ambapo jibu lilikuwapo. Aliyemsahihisha hakuhitaji kuzitupa rekodi zake, bali kuzisoma upya na kuongeza nyingine. Wapinzani wake walisoma katika kituo chake, walitumia mashapo aliyoyachota na walisafiri katika merikebu alizozitafuta.

Wahenga pia walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Ewing alikubali kwa shingo upande, na hakukubali yote. Hata hivyo alihakikisha kwamba ushahidi wa kumshinda umehifadhiwa salama, umewekwa wazi kwa karibu wote, na unaongezeka kila siku merikebu inapokuwa safarini. Kuanzia mwaka 1990 hadi 2005 meli kuu ya utafiti ya kituo alichokiasisi iliitwa Maurice Ewing, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa ni kukokota nyaya ndefu za haidrofoni na kupiga picha za ganda la dunia chini ya bahari.